Mkate wa Vinywa Saba

Kwenye mazishi ya Gathogo, huko kwao karibu na Kiganjo, nilihesabu watu wa Karatina ya zamani waliofika, nikapata wanne pamoja na mimi. Nikahesabu tena, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikapata watano. Wa tano alikuwa mzee aliyeketi peke yake mwisho wa benchi, chini ya turubai la kanisa, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anakula upande mmoja tu wa sahani, ule wa kulia, njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, zikipungua huko huku za kushoto zimekaa vile zilivyopakuliwa. Alipogeuza shingo yote kutafuta chumvi iliyokuwa karibu na mkono wake wa kushoto, niliona jicho la kushoto halipo. Miaka thelathini na sita nilikuwa nimeamini Mureithi amekufa. Nilikuwa hata nimempangia kifo, malaria huko Mwea, peke yake, na nikakizoea, na sasa yuko hapa anaomba chumvi.

Nilikotoka na nani alinizaa si neno hapa. Mwaka ninaousema ulikuwa wa sita baada ya bendera kupandishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, meza ya viazi katika soko la Karatina, na mdomo. Nilikodi chumba nyuma ya hoteli ya Mureithi, ukuta mmoja tukitumia pamoja, kwa hivyo nilijua saa ya kuamka kwa harufu ya mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama na damu, na saa ya kupumzika kwa kelele za watu wakipigwa. Maana kwa Mureithi watu walipigwa kila siku, saa ya mchana, kwa hiari yao, na kesho walirudi. Ukutani alikuwa na ubao wa shule uliopasuka pembe. Nusu ya juu iliandikwa chakula: githeri iko, mutura iko, nyama imeisha. Hayo ya nyama hayakufutwa mwaka mzima hata nyama ilipokuwepo, kwa sababu alisema mtu anayeamini ubao kuliko pua hastahili nyama. Nusu ya chini ilikuwa ya swali. Anayepata jibu anakunywa supu ya mifupa bure. Anayekosa anainama, Mureithi anachovya kiganja kwenye beseni la maji ya kuoshea vyombo, anampiga kofi la shingo ambalo lilisikika mpaka kwa washona viatu, na hoteli nzima inapiga kelele pamoja naye: "Hesabu tena!" Na aliyeleta swali lenye makosa hupigwa pia. Hiyo ilikuwa sheria, na mimi, niliyemletea maswali mengi kuliko mtu yeyote, shingo yangu ilikuwa kavu tangu Januari.

Mureithi alikuwa mtu mfupi, mikono mirefu, mashavu ya mtu anayeonja kila sufuria. Kabla ya Uhuru alikuwa mpishi wa mzungu huko Naro Moru, na mzungu alipoondoka alimwachia vitu viwili, sufuria kubwa la shaba na kamusi isiyo na jalada. Sufuria alilitumia kupikia, kamusi aliisoma kama watu wengine wanavyosoma Zaburi. Ndiyo iliyompa maneno ambayo sisi watu wa mlimani hatukuwahi kuyasikia, na aliyatumia kutupiga kabla ya kutupiga. "Kaa chini, bahaluli," angemwambia mtu, na yule mtu angekaa akiwa amefurahi, akidhani amepewa cheo, kumbe ameitwa mjinga. Alitufundisha kwamba mkate haugawanywi nusu na robo peke yake. Kuna humusi, sehemu ya tano. Kuna sudusi, ya sita. Kuna subui, ya saba. Thumuni tulidhani ni ile sarafu tu. Kumbe ni sehemu ya nane ya kitu chochote, hata ya mtu. Nilibeba maneno hayo mpaka sokoni. Mama akija kuniangusha bei nilimwambia kwa uso wa huzuni, "Haya, kwa sababu ni wewe, nitakupunguzia subui," na alienda nyumbani akijua amenishinda. Kuna wengine walirudi na dada zao kuomba subui.

Maswali yake yalikuwa na meno. Nakumbuka moja: mtu alipigwa makofi matatu, akahesabu mawili, la tatu lilienda wapi? Watu walizunguka wiki nzima, shingo zikivimba, mpaka Fundi Wachira, fundi wa nguo, akasema lilikuwa lile lililomzimisha. Akapewa supu. Na wiki ile watu walipomuua mwizi wa kuku nyuma ya soko, tukiwa wote tumeona, wengine wetu tukiwa tumeona kwa karibu sana, kesho yake ubao uliuliza: mwizi mmoja, watu arobaini, kila mtu mawe matatu, mwizi alipigwa mawe mangapi? Mia moja na ishirini, walisema, mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine waliinama. Mureithi alipiga siku hiyo bila kucheka. Mwisho akaandika jibu mwenyewe: machache tu. Mengine yalipiga maiti. Mtu akacheka, kisha wote tukacheka, kwa sababu hesabu ilikuwa safi. Nimefikiria sana juu ya kicheko kile. Tulikuwa watu waliotoka kwenye vita vya msituni vya kumwondoa mzungu, kwenye kupigwa kwingi, na kupiga pia, na tulikuwa tumeambiwa tusahau, na tulikuwa tunasahau kwa bidii. Ukiangalia mikono iliyokuwa inaokota mahindi na maharagwe ya githeri pale ndani, huu hauna kidole, ule una alama ya pingu, na mkono wa tatu, mnene, hauna alama yoyote, na kila mtu alijua ulikuwa upande gani, wala hakuna aliyeuliza. Mambo hayo hayakuzungumzwa chakulani. Hayakuzungumzwa popote.

Gathogo alikuwa akipasua kuni za hoteli. Alikuwa amenizidi miaka minne, mabega kama mlango, na hesabu zilimtoroka kama kuku. Kila mchana alijaribu swali, kila mchana aliinama, na Mureithi alimpiga polepole kuliko wengine, kwa huruma, jambo lililomkasirisha zaidi ya kofi lenyewe. "Nipige kama mtu!" angesema. Hakuwa mwepesi wa maneno, lakini alikuwa mwepesi wa ngumi. Mwaka ule alivunja pua ya kondakta, na mkono wa mpwa wa chifu. Kwangu alikuwa mpole. Aliniletea vipande vya kuni vilivyobaki, na mimi nilimchomea viazi, na tulikula kwenye chumba changu mlango ukiwa wazi, ili mama mwenye nyumba ya pili aone hakuna kitu cha kuona.

Siku moja mchana, kiazi kikiwa moto mkononi, aliniambia, "Nyawira, nitengenezee swali moja. Ya kuandikwa kwa ubao."

"Wewe? Jibu huwezi, sasa unataka swali?"

"Andika tu. Weka pango. Pango juu ya mto."

Nikachukua chaki. "Ndani ya pango?"

"Mkate."

"Mkate ulienda pangoni kufanya nini? Weka viazi, watu wataamini."

"Ilikuwa mkate," alisema, na jinsi alivyosema ilinifanya niache kutafuna. "Mkate moja, vinywa saba. Mama alikuwa anasema hivyo mpaka akakufa. Walikuwa saba huko, alikuwa anawapelekea mkate. Halafu mtu akawauza. Askari wakawasha moto hapo kwa mlango, moshi ikaingia, na mkate ikabaki kwa kikapu ya mama, hajafika."

Sikumwuliza kama ndugu yake mkubwa, Ndirangu, alikuwa mmoja wao. Karatina yote ilijua Gathogo alikuwa na ndugu aliyeingia msituni asitoke. Nilimwuliza tu anataka nini. Mimi ni mtu wa soko. Mtu akija mezani lazima nijue anataka nini hasa.

"Nataka isemwe," alisema. "Mara moja. Mchana, watu wakiwa wanakula. Basi."

"Na aliyewauza?"

"Huyo simjui. Kama ningemjua ningekuja kwako na swali?"

Ningepaswa kukataa. Hiyo ndiyo hesabu ninayoirudia. Nilijua ni kitu gani ninachoshika, na bado sehemu moja ya kichwa changu, ile inayopenda biashara, ilikuwa imeshaona kwamba moja gawanya kwa saba ni subui, na kwamba hakuna mtu hotelini angelikumbuka neno lile isipokuwa mwenye kamusi. Lilikuwa swali zuri. Nililipenda. Nikaliandika hivi, na kesho yake, Alhamisi, siku ya soko, nikalinakili ubaoni kwa mkono wangu: Pango moja juu ya mto. Mkate mmoja. Vinywa saba. Moshi ukafika kabla ya mkate. Kila kinywa kilikosa kiasi gani?

Hoteli ilijaa mpaka watu wakala wamesimama. Mwanzoni watu walisoma kwa vidole. Mzee mmoja wa pembeni aliweka kijiko chini, akavaa kofia, akatoka. Wengine waliamua ni mchezo, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Fundi Wachira alisema robo, akapigwa. Kijana wa posta alisema saba, akapigwa mara mbili, moja ya kosa na moja ya uzembe. Gathogo alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni begani, hakuutua, anatazama ubao tu, midomo ikicheza. Alipata alichotaka; ilikuwa inasemwa. Nafikiri zilikuwa dakika tano bora za maisha yake.

Mureithi alikuwa amepiga bila kusoma, mgongo ukiwa ubaoni, mimi nikimtikisia kichwa kwa kila jibu baya, kwa sababu maswali yangu aliyaamini. Sasa akageuka ili atoe jibu. Alisoma. Alisoma tena. Maji ya beseni yalikuwa yanadondoka kwenye vidole vyake.

"Thumuni," alisema.

Mlipuko wa kicheko! Mpishi amekosea! Mwaka mzima tulikuwa tunaingoja siku hii. "Shingo! Shingo!" watu walipiga meza, na Fundi Wachira alikuwa tayari amechovya kiganja kwenye beseni, anakuja huku akikunja mkono wa shati. Hata mimi nilicheka. "Mzee, ni subui," nilimwambia. "Vinywa ni saba. Hesabu tena."

Hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa chakula chake mwenyewe kikiwa na mchanga. "Hii hesabu iko mbaya," alisema, polepole. "Ni thumuni. Walikuwa nane."

Mzigo wa kuni ulianguka mlangoni.

"Nani walikuwa nane?" Gathogo aliuliza.

Mureithi alimtazama, na niliona amemwona kwa mara ya kwanza, uso wake, unafanana na wa nani.

"Mimi nasema nani walikuwa nane! Ulijuaje kuna watu? Hapo imeandikwa vinywa!"

"Hesabu tena," Mureithi alisema. Alisema kwa upole. Sisi tulisikia dharau.

Gathogo alikuwa na ukuni mkononi, wa mkaratusi, umepasuliwa asubuhi ile, una ncha. Pigo la kwanza lilimpata Mureithi mdomoni, na nikasikia meno. La pili lilimpata bega kwa sababu alikuwa anaanguka. La tatu lilikuwa la jicho. Ninaweza kusema mpangilio kwa sababu nilihesabu. Watu wengine wanapiga kelele wanapoogopa, mimi nahesabu. Yalikuwa kumi na moja. Baada ya la tatu hakuinua mikono. Githeri ilikuwa imemwagika, na mtu aliyekuwa anamvuta Gathogo aliteleza kwenye maharagwe akaanguka naye, na Gathogo aliinuka akaendelea, analia kama mtoto, anasema, "Saba! Sema saba! Saba!" Mwishowe wanne walimkalia. Mureithi alikuwa chini ya ubao wake, uso umefunguka, na vumbi la chaki juu ya damu.

Halafu ikaja sehemu ambayo hakimu huko Nyeri hakuniuliza. Neno lilitoka hotelini kabla ya Mureithi kutolewa: yeye ndiye aliyewauza, amejitaja mwenyewe. Watu waliomlia supu bure walikuwa wa kwanza kuokota mawe. Walivunja kioo, walivunja meza, mtu alitoboa sufuria la shaba kwa shoka, kamusi ilitupwa jikoni ikawaka ukurasa kwa ukurasa. Mureithi alikuwa anatolewa kwa mkokoteni wa mboga kupelekwa hospitali, na mawe yalimfuata mpaka kwenye lami. Nilirusha jiwe moja. Nimehesabu mara mbili, ni moja. Sijui lilipiga nini.

Gathogo alifungwa miaka mitatu. Kortini niliulizwa ile hesabu ilihusu nini, nikajibu ilihusu mkate. Hakimu akauliza kama ni kawaida mtu kung'olewa jicho kwa ajili ya mkate, nikasema hapana, bwana, kwa kawaida ni shingo. Watu walicheka. Nilifunga meza yangu ya viazi, nikahamia Kenol, ambako watu wanapita tu na hakuna anayekuuliza jana. Gathogo alipotoka hakunitafuta, nami sikumtafuta. Kila nikiamka swali lilikuwa lile lile, na lilikuwa na majibu mawili tu. Kama Mureithi aliwauza, basi niliandika hesabu iliyomfichua muuaji. Kama hakuwauza, mimi ndiye niliyempofusha mtu na kumrushia jiwe. Kwa miaka thelathini na sita nilichagua jibu la kwanza, na kila mara nilipohesabu tena kuna kitu kilibaki. Msaliti asingesahihisha. Msaliti angesema subui, akanywa supu yake mwenyewe.

Kwa hiyo pale chini ya turubai nilibeba sahani yangu nikaenda kuketi karibu naye. Niliketi upande wa kushoto, ule asioona. Sitajitetea.

"Viazi," alisema, bila kugeuka. Hilo ndilo jina alilokuwa akiniita.

"Umejuaje ni mimi?"

"Hakuna mtu mwingine hapa anapumua kama anapunguziwa bei." Meno ya mbele hayakuwepo, kwa hivyo maneno yalitoka laini. "Uliambiwa nimekufa?"

"Nilijiambia."

Alikula kidogo. Wanakwaya walikuwa wanapanga viti. Nikaona nikingoja nafasi nzuri nitakufa kabla yake. "Mzee," nikasema, "walikuwa saba au nane?"

Aliweka kijiko. "Mkate nani alioka? Huko msituni kulikuwa na tanuri? Mkate ilitoka jikoni ya mzungu. Mimi ndio nilikuwa naoka, namfichia mama ya Gathogo kwa kikapu, chini ya majani ya ng'ombe. Siku ya kwanza nikamwuliza, mama, ni watu wangapi. Akasema saba. Nikakata saba. Umewahi kukata mkate saba sawasawa? Jaribu. Ni kazi ya shetani. Kesho yake akarudi, hataki kuniangalia, akasema kuna mmoja hakupata. Nikasema, mama, ulisema saba. Akanyamaza. Ndio nikajua."

Nami nikajua, hapo, njahi zikiwa kinywani. Mama zetu hawahesabu mtoto wao. Ukimtaja kwa namba umemwonyesha kifo mahali alipo. Walihesabu watoto wa wengine, kwa sababu waliulizwa ni wangapi, na wa kwao wakamwacha nje, salama, bila namba. Yule mama alisema saba mpaka akafa, na Gathogo, aliyekuwa mdogo, aliibeba saba ile bila kujua kwamba ndugu yake hakuwemo.

"Tangu hapo nilikata mara tatu," Mureithi alisema. "Nusu, robo, thumuni. Rahisi. Kila siku nane. Halafu wewe unaandika kwa ubao yangu saba. Wewe, unayehesabu kila kitu! Ningefanya nini? Ningenyamaza, ningekuwa nimemwacha mmoja bila mkate tena. Na unajua ni nani."

"Ungesema! Ungemwambia Gathogo ulioka wewe!"

"Na mdomo gani?" Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Nilikuwa nayo neno mbili, hesabu tena. Nikatumia."

Gathogo alijua. Dada yake, aliyekuwa akimsindikiza mama yao na kikapu, alimweleza alipotoka jela, na Gathogo alitembea na mkate mzima chini ya kwapa mpaka Kagio, ambako Mureithi alikuwa anauza chai kwa wabeba mchele. Mureithi alichukua kisu akaukata mara tatu. Walikula vipande viwili, sita wakawaachia ndege. Baada ya hapo kila Pasaka alirudi na mkate, miaka yote hiyo, mpaka mwaka jana mapafu yalipomzuia.

"Na mimi hakuna aliyeniambia," nilisema. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya mtoto. "Miaka yote hiyo."

"Tulikungoja uje uulize. Gathogo alisema, huyo atahesabu tena, lazima, atakuja."

Nilimwambia juu ya jiwe. Nilimwambia moja. Aliuliza kama nina hakika, nikamwambia nimehesabu mara mbili. Akatikisa kichwa, akafikiri, akauliza, "Na aliyeleta swali mbaya, sheria ilikuwa nini?"

Mbele ya kaburi, wanakwaya na mchungaji aliyekuwa anaangalia saa, mimi, bibi wa wajukuu ambao sitasema ni wangapi, nilivua kitambaa cha kichwa nikainama. Mureithi alimimina maji ya kunywa kwenye kiganja. Alikuwa na miaka sabini na kitu na mkono wa mpishi. Hakunipiga kwa huruma. Kengele zililia masikioni, mama mmoja akapiga yowe, maji yakashuka mgongoni mpaka kiunoni, na kabla sijainua kichwa nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema pamoja naye.